Ni Nani Aliyetia Sahihi?

(Maneno haya yalitolewa na wakili mwenzetu mbele ya waumini na wanaharakati waliokutana katika ukumbi wa kanisa. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Ilipotangazwa kwamba leo tutazungumza juu ya vikosi vya siri vya jeshi, mzee mmoja alituvuta kando akatuuliza kwa upole kama mambo hayo si afadhali yaachiwe wenyewe. Kanisa lina njaa ya kushughulikia, alisema, lina karo za watoto, lina vijana wasio na kazi. Ya jeshi ni ya jeshi. Tunamheshimu mzee wetu, na tunadhani wengi humu ndani wanawaza kama yeye ila hawakusema. Basi hotuba hii ni jibu kwake. Tutasimulia habari ya kikosi kimoja cha nchi nyingine, tangu kilipoundwa hadi majaji walipoketi kukiuliza maswali, kisha turudi hapa nyumbani, naye atatwambia kama jambo hili ni la wenyewe au ni letu sote.

Kabla ya hapo tukubali ukweli mmoja, tusije tukaonekana watu wa kupinga kila chenye bunduki. Nchi yo yote yenye maadui huhitaji askari wachache waliofunzwa kufanya kwa dakika kumi kazi ambayo kikosi cha kawaida hakiwezi kuifanya kwa siku nzima. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri na watu 148 wakauawa. Kikosi cha Recce, ambacho ni cha polisi wa GSU, kilikwama Nairobi kwa saa nyingi kwa kukosa usafiri, na kilipofika kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Mzazi aliyezika binti yake mwaka ule hawezi kuambiwa kwamba vikosi maalumu havina maana. Kilio chake ni kwamba vilichelewa.

Hatudai, basi, kwamba mipango ya kuwaokoa mateka ibandikwe ukutani sokoni. Askari anayekwenda kwenye hatari hiyo ana haki ya kuficha saa yake, njia yake na jina lake. Siri ya namna hiyo ni ya muda: hufichwa leo, na kazi ikiisha huandikwa, husomwa na wakubwa, hukaguliwa. Siri tunayoiogopa ni nyingine. Ni pale ambapo kilichofichwa ni kikosi chenyewe: hakuna sheria inayokitaja, hakuna fungu la bajeti lenye jina lake, hakuna waziri anayekiri kukifahamu, na mtu akipotea mikononi mwake mahakama huambiwa kwamba hakijawahi kuwapo. Sisi tumesimama kortini na ombi la kutaka mtu aletwe mbele ya jaji, akiwa hai au maiti. Upande wa pili ukajibu kwa kiapo kwamba askari wa aina hiyo hawajulikani katika rejesta yo yote. Mama wa kijana alikuwa ameketi nyuma yetu. Hakuelewa Kiingereza cha kiapo kile, akatuuliza kimesema nini, nasi tukakosa namna ya kumfasiria.

Nchi tunayotaka kuisimulia ni Afrika Kusini ya wakati wa Makaburu. Katikati ya miaka ya 1980 jeshi la nchi hiyo liliunda chombo ndani ya Vikosi vyake Maalumu, nacho kikapewa jina la upole kabisa: Ofisi ya Ushirikiano wa Kiraia. Kilikuja kujulikana duniani kwa herufi tatu, CCB. Hakikuwa na sare wala gwaride. Kilipangwa kama kampuni ya biashara. Jenerali aliyeongoza Vikosi Maalumu aliitwa mwenyekiti. Chini yake alikuwapo mkurugenzi mtendaji, Joe Verster, mtu wa jeshi. Na chini ya Verster walikuwapo mameneja wa kanda. Kila mtumishi alipaswa kuwa na mipango miwili. Mpango wa buluu ulikuwa biashara yake ya halali, au ya kuonekana halali, ili jirani asimshuku. Mpango mwekundu ndio uliokuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Na kazi yenyewe, kwa lugha yao ya ofisini, ilikuwa ni kumvuruga adui kwa kiwango cha juu. Walipoulizwa baadaye na jaji maana ya maneno hayo, walieleza kwamba kuvuruga kwaweza kuwa ni kuvunja kioo cha dirisha, na kwaweza kuwa ni kuua mtu. Tunawaomba mlizingatie neno hilo, "kuvuruga". Mkubwa akiandika "ua" ameandika ushahidi. Akiandika "vuruga" amejiwekea mlango wa kutokea.

Kanda za kwanza zilihusu nchi za nje. Mwaka 1988 ikaongezwa kanda ya sita, ya ndani ya Afrika Kusini yenyewe, na walioajiriwa humo walikuwa makachero wa zamani wa kitengo cha mauaji na unyang'anyi cha Brixton, Johannesburg. Mmoja wa waliochukuliwa, Ferdi Barnard, alikuwa ametoka gerezani alikofungwa kwa mauaji. Yaani jeshi lilitafuta mtu aliyekwisha kuua, likampa mshahara.

Tarehe 1 Mei 1989, siku ya wafanyakazi, David Webster, mhadhiri wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alifika nyumbani kwake mtaa wa Troyeville pamoja na mwenzi wake. Aliposhuka na kwenda nyuma ya gari, gari jingine lilipita, bunduki ya marisau ikafyatuliwa kutoka humo, naye akaanguka barabarani. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa akizisaidia familia za watu waliowekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Aliwaandalia wazazi chai kama hii tuliyokunywa asubuhi, wakakaa pamoja, wakabadilishana habari za watoto wao, nani yuko jela gani, nani amehamishwa. Hiyo ndiyo hatari iliyolishughulisha jeshi lenye ndege za kivita.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Septemba, Anton Lubowski, wakili na mwanachama wa SWAPO, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Windhoek, miezi michache tu kabla ya uhuru wa Namibia. Mjini Cape Town walipanga kumwua wakili mwingine, Dullah Omar; mpango mmoja ulikuwa wa kumpiga risasi, mwingine wa kubadilisha dawa zake za moyo. Omar aliponea chupuchupu bila kujua, na mwaka 1994 akawa Waziri wa Sheria wa Nelson Mandela. Huko Athlone walitega bomu katika jumba lililokuwa likitumiwa na vijana kwa mikutano. Lililipuka watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Na katika makao ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, watumishi wa CCB walikwenda kuning'iniza kijusi cha nyani. Mzee wetu, tunakuomba ulifikirie hilo la mwisho kwa utulivu. Jeshi la taifa, lenye majenerali na bajeti, lilituma watu na kuwalipa posho ili wakamrogee askofu uani.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo wasikilizaji wengi huchoka, kwa kuwa hesabu hazina damu, lakini tunawaomba mvumilie, maana kwetu sisi hapa ndipo penye mzizi. Tangu mwaka 1974 Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya Akaunti Maalumu ya Ulinzi. Bunge lilipitisha jumla ya fedha za akaunti hiyo; halikuonyeshwa zilikokwenda moja moja. Sheria ilitungwa wakati wa vikwazo, na kisingizio chake kilikuwa kwamba nchi ikinunua silaha kwa siri haiwezi kuchapisha risiti. Kisingizio hicho chaweza hata kueleweka. Lakini mfuko uliofumwa kwa ajili ya kununulia mizinga ulifaa pia kulipia nyumba za kupanga, magari ya nambari bandia na wauaji, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutia mkono ndani yake ahesabu. Kwa hiyo Waziri wa Ulinzi, Jenerali Magnus Malan, aliweza kusema kwamba hakujua kuwa CCB ipo hadi Novemba 1989. Chagueni wenyewe lililo baya zaidi: waziri aliyejua akakana, au waziri ambaye kweli hakujua jeshi lake linamlipa nani.

Siri ilipasuka kwa sababu ya polisi wa kawaida waliokuwa wakichunguza kifo cha Webster. Mapema mwaka 1990 Rais F.W. de Klerk aliunda tume chini ya Jaji Louis Harms. Sisi watu wa Kenya tunazijua tume. Tumezilisha, tumezisubiri, na baadhi ya ripoti zake tumezisoma miaka mingi baadaye. Tume ya Harms ni somo zuri kwa kila atakayedai tume siku yo yote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Hadidu za rejea ziliiruhusu kuchunguza mambo yaliyotendeka ndani ya mipaka ya Afrika Kusini peke yake. Kikosi ambacho kanda zake nyingi zilikuwa nje ya nchi kilichunguzwa kana kwamba hakikuwahi kuvuka mpaka. Lubowski, aliyefia Windhoek, alikuwa nje ya mstari. Watu waliouawa Botswana, Swaziland, Msumbiji na Zimbabwe walikuwa nje ya mstari. Karatasi moja ya hadidu iliwazika mara ya pili.

Mashahidi wa CCB walifika mbele ya jaji wakiwa wamevaa nywele za bandia na ndevu za kubandika, wakitumia majina yasiyo yao. Jaji aliagiza mafaili ya miradi yaletwe, mafaili hayakuonekana. Kila aliyeulizwa alidhani yako kwa mwenzake. Novemba 1990 ripoti ikatoka: iliilaumu CCB vikali, lakini ikasema kwamba katika shamba la Vlakplaas, ambako polisi walikuwa na kikosi chao cha siri, hapakuwa na kikosi cha kuua. Miaka sita baadaye kamanda wa Vlakplaas, Eugene de Kock, alihukumiwa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake.

Na CCB ilipovunjwa mwaka 1990, watu wake walikwenda wapi? Barnard alipata kazi nyingine palepale jeshini, katika idara ya ujasusi. Alikuja kugunduliwa Novemba 1992, wachunguzi wa Jaji Richard Goldstone walipovamia ofisi moja ya siri ya jeshi mjini Pretoria na kukuta faili lake. Mwezi uliofuata De Klerk akatangaza hatua dhidi ya wanajeshi 23, wengine wakastaafishwa kwa lazima. Kuvunja kikosi kwa tangazo, ndugu zetu, si sawa na kukimaliza. Jina hufa, orodha ya mishahara huendelea.

Barnard alitiwa hatiani kwa kifo cha Webster mwaka 1998, miaka tisa baada ya risasi. Huko Namibia, mwaka 1994, jaji aliyechunguza kifo cha Lubowski alisema wazi kwamba CCB ndiyo iliyohusika, hakuna aliyefungwa. Hakuna jenerali hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa damu ya Webster. Malan mwenyewe alishtakiwa kwa jambo jingine, mauaji ya watu 13 huko KwaMakhutha mwaka 1987. Mwaka 1996 mahakama ya Durban ilikubali kwamba waliofanya mauaji hayo walikuwa wamefunzwa na jeshi, lakini ikamwachilia yeye na wenzake kwa kuwa mashtaka hayakuweza kuunganisha mauaji na amri. Sisi mawakili hatuwezi kumlaumu jaji kwa hilo peke yake. Bila karatasi jaji huhukumu kwa nini? Na karatasi zilikuwa zikiteketezwa: mwaka 1993, idara ya ujasusi ya kiraia pekee iliharibu kumbukumbu zipatazo tani 44 katika makao yake makuu. Tani, si kurasa.

Sasa mtauliza, haya ya Makaburu yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa damu ya ukoo. Katika vita vya Mau Mau, ofisa mmoja wa Kiingereza, Frank Kitson, aliyefika Kenya mwaka 1953, alikuwa miongoni mwa walioendeleza mbinu ya magenge bandia: wapiganaji waliotekwa waligeuzwa, wakarudishwa msituni wakijifanya bado wa Mau Mau, pamoja na maofisa wazungu waliojipaka rangi nyeusi. Kitson akaandika kitabu juu ya mbinu hizo mwaka 1960, na kitabu kikasomwa na majeshi mengi. Mwaka 1973 walowezi wa Rhodesia waliunda kikosi cha Selous Scouts kwa mtindo huohuo wa kujifanya waasi. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, baadhi ya askari hao na wenzao wa vikosi maalumu walivuka Limpopo wakaajiriwa na jeshi la Afrika Kusini katika kitengo cha siri kilichobadilishwa majina, kutoka D40 kikawa Barnacle, na kutoka Barnacle kikazaliwa CCB. Mbegu iliyopandwa Nyandarua na vilima vya Kiambu ilivunwa Troyeville. Na wazee wetu wa Mau Mau walipokwenda London kudai haki zao, waliambiwa kwanza kwamba muda umepita. Ikapatikana shehena ya mafaili yaliyofichwa huko Hanslope Park, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia wadai 5,228. Huko mafaili yalifichwa, hayakuchomwa yote. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowapa wazee kesi.

Kwa watu wa kanisa tuna neno la pekee. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1988, Khotso House, makao ya Baraza la Makanisa la Afrika Kusini mjini Johannesburg, yalilipuliwa. Oktoba ile, Khanya House, makao ya maaskofu wa Katoliki mjini Pretoria, yakachomwa. Hii ilikuwa kazi ya polisi, si ya jeshi, lakini mtindo ni mmoja. Waziri wa polisi, Adriaan Vlok, alijitokeza hadharani akamtupia lawama mwanamke mmoja wa upinzani, Shirley Gunn, ambaye baadaye aliwekwa kizuizini pamoja na mtoto wake mchanga kwa kosa alilolijua waziri mwenyewe kuwa ni lake. Mwaka 1989 katibu mkuu wa baraza hilo, Mchungaji Frank Chikane, aliugua nusura afe akiwa safarini. Nguo zake zilikuwa zimetiwa sumu. Kikulacho ki nguoni mwako: wahenga hawakudhani kama lingekuja kutimia hivyo. Mwaka 2006 Vlok alikwenda ofisini kwa Chikane akamwosha miguu, na mwaka uliofuata alikiri kosa mahakamani akapewa kifungo cha nje. Tumesikia wahubiri wakiutumia mfano wa kuosha miguu kama mwisho mwema wa habari. Chikane alisamehe, na ni haki yake. Lakini Vlok alikiri yale ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyafichua, na sumu ile kuna mtu aliyeiagiza, mtu aliyeitengeneza na mtu aliyeilipia.

Afrika Kusini iliandika baadhi ya mafunzo haya katika katiba yake ya mwaka 1996. Kifungu cha 199 kinamkataza askari kutii amri iliyo haramu waziwazi, na kinataka vyombo vyote vya usalama viangaliwe na kamati za Bunge zenye wanachama wa vyama vingi. Ndiyo, vyama vingi. Wapinzani kuketi katika kamati ya ulinzi si zawadi wanayopewa. Ni kufuli, na kufuli halina faida ikiwa ufunguo wote uko kwa mwenye nyumba.

Nasi tunayo yetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 238, inasema kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vyote vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia, na katika ibara yake ya nne kinamkataza mtu ye yote kuunda jeshi, au kikosi kinachofanana na jeshi, nje ya Katiba au sheria ya Bunge. Isomeni ibara hiyo mara mbili mkifika nyumbani. Maana yake ni kwamba katika Kenya kikosi kisicho na sheria ni kikosi haramu hata kabla hakijamgusa mtu. Kifungu cha 241 nacho kinasema jeshi likitumwa kurejesha amani ndani ya nchi, ni lazima Bunge la Taifa liidhinishe. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni, jeshi lilitangazwa kutoka kambini jioni ileile na idhini ikapatikana kesho yake. Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu. Jaji hakulizuia jeshi, bali aliiagiza serikali ieleze kwa tangazo rasmi mipaka na muda wa kazi hiyo. Wengi walikasirika kwamba hakulizuia. Sisi tunaliona agizo lile kuwa na uzito kuliko lilivyopokewa, kwa kuwa lilidai kitu ambacho CCB haikuwahi kuwa nacho: mpaka ulioandikwa.

Lakini maandishi ya Katiba hayajitekelezi. Mlima Elgon, Machi 2008, jeshi lilipanda katika Operesheni Okoa Maisha kupambana na wapiganaji wa SLDF. Tusisahau kwamba SLDF waliwaua mamia ya watu na kuwakata wengine masikio. Wananchi walilililia jeshi, na lilipofika walishukuru. Kisha wanaume kwa maelfu wakakusanywa, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota, na mashirika ya haki za binadamu ya humu nchini na ya nje yakaandika habari za mateso na za watu ambao hawakurudi. Serikali ilikana. Kesi ilipelekwa Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2011 majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza. Mwaka 2012 majaji wa rufani waliitupa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya unataka kesi ifunguliwe ndani ya miezi miwili. Miezi miwili! Mjane wa mlimani amalize kumtafuta mumewe, apate wakili, wakili apate nakala za hati zisizotolewa, wote wafike Arusha, kwa siku sitini.

Wala polisi wetu hawako mbali na hadithi hii. Oktoba 2022 Rais William Ruto alikivunja Kikosi cha Huduma Maalumu cha idara ya upelelezi, baada ya raia wawili wa India na dereva wao Mkenya kupotea Julai ya mwaka huo. Baadhi ya maofisa walishtakiwa. Tulifurahi, lakini tukamkumbuka Barnard na kazi yake ya pili. Waliobaki walihamishiwa wapi? Silaha zilirudishwa kwa hati gani? Ni nani aliyekuwa akitia sahihi ya mafuta ya magari yale?

Maswali ya namna hiyo yana msimu wake. Kwa mujibu wa kifungu cha 221, makadirio ya serikali hufikishwa Bungeni walau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ya Bunge inalazimika kutafuta maoni ya wananchi. Kila mwaka watu wa barabara hufika, watu wa maziwa na chai hufika. Fungu la ulinzi na lile la ujasusi hupita bila mtu wa kuliuliza. Hatuombi tuonyeshwe ramani za operesheni. Tunaomba kamati ithibitishe kwa maandishi mambo machache: kwamba kila kikosi maalumu kina sheria kinachosimama juu yake, kwamba wabunge wa pande zote, si wa upande mmoja, wameona hesabu zake hata kama ni ndani ya chumba kilichofungwa, kwamba kila amri ya kutumia nguvu za kuua ina jina la aliyeitoa, na faili lake haliwezi kuharibiwa bila idhini ya mtu aliye nje ya kikosi.

Rasimu ya barua hiyo iko mezani, karibu na mlango, kurasa mbili, Kiswahili na Kiingereza. Nafasi ya sahihi tumeiacha pana, kwa sababu tungependa itiwe na parokia nzima nzima badala ya wakili mmoja mmoja. Mzee wetu tuliyemtaja mwanzoni ameketi safu ya tatu. Mwenyekiti, tunaomba swali la kwanza liwe lake.